Mafiga Matatu

Saa ya Mwalimu Chidawali imepasuka kioo.
Huitazama kwa jicho moja, vidole viwili shingoni mwangu
kama mama anayepima homa,
kisha huchuchumaa kando ya njia ya Ihumwa
na kuchora mavumbini kwa kijiti:
mafiga matatu, na chungu juu yake.
"Figa moja haliinjiki chungu," husema.
"Mwili nao una yake."

La kwanza ni kiberiti.
Chwa! Sekunde kumi, hazizidi.
Ndahani mdogo wangu anaishi humo:
mita mia pale Jamhuri, kifua mbele,
amemaliza kabla mapafu hayajapata habari.

La pili ni mabua ya uwele.
Yanawaka kwa kelele, yanawaka kwa pupa,
dakika moja, mbili, mapaja yanajaa pilipili.
Pumzi haijafika, lakini moto haungoji.
(Na ule ukali, alisema, msiutukane;
moyo huuokota njiani ukautafuna.)

La tatu ni gogo.
Hapo hututazama mmoja mmoja akicheka,
maana sote ni Wagogo, na utani haumchoshi.
Gogo haliimbi. Gogo ni pumzi.
Linawaka kutwa ukilipa hewa na subira:
mafuta ya mwili, akiba ya miaka ya njaa.
"Ila halishiki moto peke yake.
Likiishiwa mabua, linatoa moshi."

Niliyaandika daftarini. Kuandika ni rahisi.

Usiku wa kuamkia mbio nikakataa ugali.
Nilitaka wepesi.
Mama aliutazama, na mlenda pembeni ukivutika kama uzi,
akaufunika kwa sahani. Hakusema kitu.

Chamwino, saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa Julai,
ule unaokwangua midomo kama msasa.
Filimbi ikalia. Nikawasha kiberiti changu chote
mbele ya wapiga picha.
Nikachoma mabua mpaka Ihumwa,
nikiwa wa tatu, nikiwa wa pili,
nikimpungia mkono mtu nisiyemjua.
Ini langu, kihenge kile kidogo chini ya mbavu,
lilikuwa linakombwa punje kwa punje
wala sikusikia.

Nanenane, kilomita ya ishirini na nne.
Hakuna aliyenigusa. Nilizimika.
Miguu ikawa ya mtu mwingine, mtu mzito,
ambaye alinidai.
Nilitafuta jina la mama yangu nikalikosa.
Ubongo nao hula sukari, tulishaambiwa,
na ukishikwa na njaa hukataa hata kuhesabu.
Mafuta nilikuwa nayo; nani hana?
Gogo zima begani, na sina bua la kuliwashia.

Akanipita Mbeleje wa Hombolo,
miaka arobaini na kitu, kanga kiunoni juu ya kaptula,
pumzi yake sawasawa kama ya mtwangaji:
hatua tatu ndani, hatua mbili nje.
Alikuwa nyuma yangu tangu Chamwino. Nyuma kabisa.
Hakuniangalia.
Moto wake haukuwa na moshi.

Nilifika. Wa themanini na saba, nusu njia kwa kutembea.
Mwalimu akaweka vidole shingoni, akaitazama ile saa,
akanipa chupa ya maji yenye sukari na chumvi
na kwenda kumpokea mwingine.

Nyumbani bakuli lilikuwa bado limefunikwa.
Ugali wa jana, mgumu, wa baridi, umepasuka juu kama mbuga ya kiangazi.
Nikaula wote kwa mkono usiotulia.
Mama akasogeza kuni, akapuliza.
"Wenzako walikula nini?"
Nikataka kusema sijui.
Kinywa kilikuwa kimejaa.